Barua ya wazi kwa kamati ya soko letu: msitupeleke chini ya mabati

KWA: Mwenyekiti, katibu na wanakamati wote wa usimamizi wa soko
YAH: Notisi ya kuhamisha duka la santuri na kusimamishwa kwa Jumamosi ya kusikiliza

Waheshimiwa,

Salamu kwenu na poleni na kazi. Naandika kwa heshima, na naandika mbele ya watu kwa sababu njia ile ingine nimeijaribu ikakataa. Barua ya kwanza nilileta mwenyewe kwa mkono mwezi wa kwanza, katibu akaipiga muhuri. Ya pili haikupigwa muhuri. Ya tatu nikaambiwa niiache kwa askari wa geti. Nimekuja ofisini mara nne, mara mbili mwenyekiti alikuwa mkutanoni, mara moja ofisi ilikuwa imefungwa, na mara ya mwisho nikaambiwa "tutawaita". Hatujaitwa. Na notisi ya siku 30 inazidi kuhesabu.

Jina la soko sitalitaja hapa. Soko hili nalipenda na sitaki mteja yeyote wa mama mboga au wa fundi cherehani ahame kwa sababu ya shida yangu na ofisi. Wenye kuhusika mnajijua.

Mimi si mwenye duka. Mwenye duka ni mzee wetu na yeye hapendi kelele za kuandikiana, aliniambia "wacha tu, Mungu yupo". Mimi ndiye huosha santuri, zile sahani za muziki, Jumatano na Jumamosi, mwaka wa tisa sasa. Kwa wale wanakamati ambao hamjawahi kuingia ndani, duka ni chumba cha futi nane kwa kumi, kreti za soda zimepangwa mpaka darini, santuri zimesimama wima kama vitabu, mashine mbili za kuchezea, benchi moja, na beseni langu pale kwenye kona. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane mpaka saa kumi na moja, watu walikuwa wanakuja kusikiliza kitu kipya kilichofika. Upande wa kwanza unachezwa mpaka mwisho na hakuna mtu anaongea, alafu tunaongea, alafu upande wa pili. Basi. Hakuna pombe, hakuna kiingilio.

Sasa malalamiko yetu.

1. Kuhamishwa juu

Hili ndilo kubwa zaidi kwa hivyo mniwie radhi nikikaa nalo kidogo.

Notisi inasema duka lihamie laini ya juu, vile vibanda vipya vya mabati. Tulipouliza kwa nini, tukajibiwa kibanda ni kibanda, ukubwa ni ule ule na kodi ni ile ile. Waheshimiwa, kwa nguo za mitumba ni sawa, kwa viatu ni sawa, hata sufuria hazina neno. Santuri ni plastiki. Inaitwa PVC, ni jamii ile ile ya mabomba ya maji, na ikipata joto inalegea, ikilegea inapinda, na ikishapinda hairudi tena vile ilikuwa. Wimbo umechorwa kwenye mfereji mwembamba kuliko unywele na sindano inatakiwa ipite humo ndani bila kuruka.

Msidhani naongea kwa kukisia. Mwezi wa pili nilichukua santuri moja iliyochubuka sana, ambayo haiuziki, nikaipeleka kwenye kile kibanda mlichotupangia, nikaiweka juu ya kreti kutoka saa tano asubuhi hadi saa tisa. Mlango ulikuwa wazi. Niliporudi ukingo ulikuwa umeinuka upande mmoja kama chapati ikianza kuvimba kwa kikaango. Nikaipeleka kwa mashine, sindano ikawa inapanda na kushuka na sauti ya muimbaji inayumba kama mtu anaimba ndani ya mashua. Hiyo santuri niliileta ofisini kwenu nikaiacha mezani pamoja na barua ya pili. Sijui iko wapi. Hiyo ni saa nne peke yake, na tuna elfu tatu na zaidi ambazo zitakaa hapo usiku na mchana mwaka mzima.

Na mjue ni nini kiko ndani ya hizo kreti. Zamani Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri, zile ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika, zilikuwa zinatoka hapa zinaenda mpaka nchi jirani. Tanzania hawakuwa na kiwanda kwa hivyo bendi za huko zilikuwa zikifunga safari kuja Nairobi kurekodi, zingine zikaja na zikabaki. Simba Wanyika walitoka Tanga wakaingia Kenya 1971. Super Mazembe walitoka Zaire, Kongo ya leo, wakafika Nairobi 1974. Barabara ya River Road yote ilikuwa maduka ya santuri, maprodyusa na vijana wamebeba magitaa. Kanda zile asili za studio nyingi zimepotea, zingine zilifutwa zikarekodiwa juu, zingine zilioza tu kwenye stoo. Kwa hivyo kuna nyimbo ambazo zimebaki kwa sahani chache zilizokuwa nyumbani kwa mtu chini ya kitanda. Zikipinda hizo hakuna mahali pa kwenda kununua zingine.

Mtasema kuna ukarabati na lazima watu wahame. Sawa, ukarabati hatupingi, hata choo kinahitaji. Mtasema pia mkitupendelea sisi kila mtu atataka kupendelewa. Lakini wakati mlipanga upya laini ya chini mwaka juzi, mwenye bucha mlimpa kibanda karibu na bomba kwa sababu nyama inataka maji, na hakuna mtu hata mmoja alilalamika kwamba bucha imependelewa. Ilikuwa akili tu. Na sisi tunaomba hiyo akili. Kuna vibanda viwili laini ya chini chini ya slabu ambavyo vimefungwa tangu mwaka jana, kimoja kinawekwa mafagio. Hata hicho cha mafagio tutashukuru.

2. Kusimamishwa kwa Jumamosi

Tuliambiwa kwa mdomo, hakuna karatasi, kwamba mikusanyiko imesimamishwa "kwa sababu ya kelele".

Hapa nitaongea polepole kwa sababu sitaki ionekane nawasema majirani. Spika zetu ni mbili, kila moja inaenea kwa meza ya chai. Kama mtu anaongea kwa simu nje ya mlango hatusikii wimbo vizuri, ndio maana huwa tunaomba watu wanyamaze. Kanuni za kelele ziko, za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009, na zinaweka viwango vya kelele kwa desibeli. Tuliwaomba mje mpime. Tulisema hata mchague saa nyinyi wenyewe. Hakuna aliyekuja.

Na nataka mjue kile mlichosimamisha, kwa sababu nadhani mtu aliwaambia ni disko.

Mwaka jana Jumamosi moja tulicheza albamu ya KMRU, ile ya Peel ya 2020. Ni kijana wa hapa hapa Nairobi, muziki wake hauna gitaa wala ngoma, ni sauti za mahali zimetandazwa polepole, na wazee walikaa wamekunja mikono hawaelewi. Alafu mzee wetu akasimama bila kusema kitu, akaenda kwa kreti ya nyimbo za Kikuyu akatoa 45 ya Joseph Kamaru, yule aliyetuacha 2018, akaicheza. Akasema huyu ni babu na yule ni mjukuu, hata jina ni moja. Mjukuu ndiye anayetoa upya kazi za babu yake siku hizi watu wazisikie. Wazee wakasema rudisha ile ya kijana tuisikie tena. Ikachezwa mara ya pili na safari hii hakuna aliyekunja mikono. Mimi nilikuwa na beseni mkononi nikasahau kumwaga maji.

Siku ingine ilikuwa taarab. Siti Muharam wa Zanzibar alitoa santuri 2020, nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyepanda meli 1928 akaenda Bombay kurekodi, na yeye Siti Muharam ni kitukuu chake. Kuna mama mmoja anauza nazi pale laini ya tatu, mzaliwa wa Mombasa, alikuja na aproni yake akasimama mlangoni, akakataa kiti, na alikuwa anatangulia maneno kabla ya muimbaji kuyafikia. Alipomaliza akatueleza mistari miwili ambayo sisi wa bara tulikuwa tunaimba tu bila kujua inamsema nani. Hilo somo ungelipata wapi?

Na kuna singeli, ile ya Dar ya mwendo wa kukimbia, ambayo lebo moja ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliitoa kwenye santuri 2017. Tulipoicheza babu mmoja aliuliza kwa uzito kabisa kama tumeweka spidi ya 45 badala ya 33. Kijana aliyekuja na mashine yake ya kutengeneza biti akamuonyesha kwa kugonga meza vile mdundo umegawanyika, na wakakaa wawili wanagonga meza nusu saa nzima. Babu ana miaka 70 na kitu. Sijui mahali pengine soko hili ambapo wale wawili wangekaa benchi moja.

Lakini ile Jumamosi siwezi kusahau ni ya mpiga besi. Sitamtaja jina. Alikuja kwa sababu alisikia kuna mtu ana santuri zao, yeye mwenyewe hakuwa na hata moja, zote ziliisha kwa kuhamahama na zingine aliuza kodi ilipombana. Mzee wetu alitafuta siku tatu akaipata moja, nikaiosha mimi. Tunaosha kwa maji yale yaliyosafishwa ya kuongeza kwenye betri ya gari, si asidi, kwa sababu hayana chumvi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unazunguka na mfereji, huukati, na lebo ya karatasi katikati usiiloweshe. Maji yalitoka kahawia. Tukaicheza. Yule mpiga besi hakusema neno, alishika tu paja lake na vidole vikaanza kutembea, besi yote, kutoka mwanzo hadi pale gitaa linapochanganya, hakukosea hata mahali pamoja na ilikuwa zaidi ya miaka arobaini. Alipomaliza akauliza tu, "nani alikuwa na hii?"

Hiyo ndiyo kelele.

3. Ada ya burudani

Tangu mwaka jana mwishoni kuna kijana anatumwa kila Jumamosi kuchukua 2,000, anasema ni ada ya burudani. Hatukatai kulipa kinachodaiwa kihalali. Leseni ya kucheza muziki dukani tunalipa kwa wenye haki miliki na stika iko mlangoni, leseni ya biashara tunalipa kaunti, kodi ya kibanda tunalipa kwenu na haijachelewa. Hii ya 2,000 haina risiti, haiko kwenye mkataba, na iliendelea kuchukuliwa hata Jumamosi mbili baada ya nyinyi wenyewe kusimamisha hiyo burudani. Naomba mtuonyeshe imeandikwa wapi.

4. Ubao

Kulikuwa na ubao nje ya mlango wetu. Uling'olewa usiku na tukaambiwa unachafua ukuta. Najua mkiuangalia mnaona makaratasi. Upande wa kushoto ilikuwa ni vitu vipya vilivyofika na bei zake, na tarehe, na ile Jumamosi ya Aprili ambayo maduka madogo ya santuri husherehekea pamoja duniani, ilianza Marekani 2008 na sisi huku tulikuwa tukiifanya kwa chai na mandazi. Upande wa kulia ilikuwa mambo ya watu. Mtu anauza kinanda. Mtu anatafuta mpiga saksafoni wa harusi. Matanga. Na wakati uling'olewa kulikuwa na karatasi ya harambee ya bili ya hospitali ya mpiga gitaa mmoja wa zamani, na majina ya waliokuwa wameahidi na kiasi cha kila mmoja. Hiyo karatasi hatukuipata. Ilibidi nianze kupigia watu mmoja mmoja kuwauliza walikuwa wameandika ngapi, mnajua ni aibu gani kumpigia mtu simu hivyo? Mgonjwa anasubiri na mimi nakumbushana na watu ahadi kwa kubahatisha.

Kwa yote tuliyofanyiwa, hili ndilo liliniuma moyoni zaidi.

5. Yale mnayosema tukitoka

Maneno ya ofisini yanatufikia, soko ni dogo. Moja ni kwamba santuri zimekufa, watu wako kwa simu. Simu sote tunazo na hata mimi nasikilizia simu nikiwa kwa matatu. Lakini huko Marekani kwenyewe, 2022 santuri ziliuzwa kwa idadi kuliko sidii, mara ya kwanza tangu 1987, zaidi ya milioni 40. Na muziki wetu wa zamani mwingi haumo kwenye simu kabisa. Hauwezi kuwekwa kama hakuna aliye na sahani yake.

Lingine ni kwamba duka ni la watalii. Ni kweli wageni wanakuja, wengine wanatoka mbali sana, wananunua vizuri na ni haki yao. Lakini mimi naona uchungu, nakiri, nikiona 45 za mwisho mwisho zinafungwa kwenye begi zinaondoka, alafu baada ya miaka michache muziki ule ule unatolewa upya huko nje na unarudi kwetu kwa bei ambayo mtoto wa aliyeupiga hawezi kulipa. Kuna lebo zinafanya kazi nzuri, mkusanyiko wa Kenya Special wa 2013 ulifanya watu wengi wajue tulikuwa na nini. Bado. Mzee wetu ana sheria yake, santuri ambayo hajaona ya pili haiuzwi mpaka imechezwa Jumamosi, majina ya wapigaji yameandikwa kwenye daftari na wenyewe au familia wametafutwa. Amekataa pesa nzuri mbele ya macho yangu kwa sababu ya hiyo sheria. Mkifunga Jumamosi sheria hiyo haina mahali pa kufanyikia, na mkipeleka kreti kwa mabati mnamwambia afadhali aziuze zote haraka kabla hazijapinda. Wanunuzi wameshasikia kuhusu notisi, wawili wamepiga simu wiki hii.

Na kwamba nafasi ni ya biashara tu. Sisi ni biashara. Jumamosi ya kusikiliza watu thelathini wanakula kwa vibanda vya nyama, wanapeleka suruali kwa fundi, wananunua nyanya wakienda nyumbani. Waulizeni majirani wetu wenyewe, nimewauliza na saba wametia sahihi karatasi niliyoambatanisha na barua ya tatu, ile niliyoiacha getini.

Tunachoomba

Kwanza, notisi ya kuhamia laini ya juu iondolewe. Kama ukarabati unalazimisha tuhame, tupewe kimoja kati ya vile vibanda viwili vilivyofungwa chini ya slabu, hata kwa muda, kodi ile ile.

Pili, Jumamosi ya kwanza ya mwezi irudi, saa nane hadi saa kumi na moja. Mkitaka kupima sauti mje na kipimo, na tukizidi tutapunguza hapo hapo.

Tatu, ada ya 2,000 isimamishwe mpaka tuonyeshwe ilipoandikwa, na zile zilizochukuliwa zitolewe risiti au zirudishwe.

Nne, ubao urudi. Kama ukuta ndio shida tutausimamisha kwa miguu yake, fundi wa mbao tayari amekubali bure.

Tano, mtujibu kwa maandishi ndani ya siku 14 kuanzia leo. Tukiitwa tutakuja, na tutakuja kwa adabu, mimi, mzee wetu na majirani wawili. Tusipojibiwa tutapeleka nakala kaunti pamoja na zile barua tatu, na ile yenye muhuri itakuwa juu.

Katibu, wewe binafsi naomba uangalie kama ile santuri iliyopinda bado iko ofisini. Isitupwe, nitaihitaji tukija kikaoni. Na santuri ya marehemu baba yako uliyoleta mwezi wa kumi na mbili imeshaoshwa, upande wa kwanza una mkwaruzo mdogo dakika ya kwanza lakini unacheza mpaka mwisho. Iko rafu ya pili, imefungwa kwa gazeti. Pitia uichukue siku yoyote, hakuna malipo.

Nakala ya barua hii nitaibandika mlangoni Jumatatu asubuhi. Naomba isitolewe usiku.

Wenu kwa heshima,

Mwosha santuri, kwa niaba ya mzee wetu na wasikilizaji wa Jumamosi